Gari Lisilo na Pedeli ya Mafuta

Wanangu, mwulizeni dereva yeyote wa daladala anaongezaje mwendo. Atawacheka kwanza, kisha atawaonyesha mguu wake wa kulia. Mafuta hukanyagwa. Hata mtoto anayesukuma gari la mabati mchangani anajua hivyo. Akitaka kukimbia hunguruma kwa mdomo na kukandamiza mguu ardhini.

Leo nataka niwapandishe gari ambalo dereva huyo, pamoja na ujuzi wake wote wa kupenya kwenye foleni, angekwama nalo hapo hapo uani. Halina mikanda, halina vioo vya madirishani, na halina pedeli ya mafuta. Si kwamba imeng'oka. Haikuwekwa tangu mwanzo.

Tuko Marekani, katika shamba la mahindi jimbo la Iowa, mwaka 1916. Gari ni Ford Model T, jeusi, maana miaka hiyo kiwanda kilikuwa hakitoi rangi nyingine. Henry Ford alianza kuliuza mwaka 1908, akaacha kulitengeneza mwaka 1927, na kati ya miaka hiyo yalitoka magari zaidi ya milioni 15. Lilianza kwa bei ya dola 850 hivi, kisha kadiri miaka ilivyokwenda bei ikashuka, mpaka mkulima wa kawaida akaweza kulinunua. Kwa hiyo nikiwaeleza namna ya kuliendesha, msidhani nawaeleza kioja cha tajiri mmoja. Kwa mamilioni ya watu, huku ndiko kulikuwa kuendesha gari. Nguvu zake ni za farasi 20 tu. Bodaboda mbili za siku hizi zikiungana zinaweza kulishinda.

Panda, ukae nyuma ya usukani. Lakini hapo hapo kuna kituko. Usukani uko kushoto, na ubavu wa kushoto una mchoro wa mlango uliogongwa kwenye bati, mzuri kabisa, ila haufunguki. Ni bati tupu. Dereva anapandia upande wa kulia, anapita mbele ya kiti cha abiria, ndipo anafika mahali pake. Likumbuke hilo, kwa sababu muda si mrefu utatakiwa kupanda mbio.

Chini kuna pedeli tatu, na hapa ndipo watu wa leo wanapoumbuka. Ya kushoto ni ya gia. Ikanyage mpaka mwisho, gari linakwenda kwa gia ndogo. Iachie ije nusu, gari liko huru, injini inaunguruma lakini magurudumu hayavutwi. Iachie yote ipande juu, limeingia gia kubwa. Gia za kwenda mbele ni hizo mbili, basi. Pedeli ya katikati ni ya kurudi nyuma. Na ya kulia, ile ambayo mguu wako unaikimbilia ukidhani ni mafuta, ni breki. Dereva wa leo akitaka kuongeza mwendo kwenye Model T hupunguza, akishtuka akakanyaga zaidi husimama, na abiria wake hupiga paji la uso mbele.

Mafuta yako mkononi. Chini kidogo ya usukani, pande mbili za nguzo yake, vimetokeza vijiti viwili vya chuma, kimoja kushoto na kimoja kulia. Viko karibu kiasi kwamba vidole vinavifikia bila kiganja kuuachia usukani. Cha kulia ni cha mafuta. Kivute chini, injini inapaza sauti. Kisukume juu, inatulia. Kijiti hicho kinateleza juu ya kipande cha chuma cha nusu duara chenye meno, na kila jino ni kituo chake. Ukikiacha kwenye jino la tano, kitabaki la tano, uwe umeshika usukani, uwe unajikuna shingo, uwe umeshuka kabisa.

Huko ndani kinafanya nini? Kinazungusha ufito uliofuata nguzo ya usukani, nao unavuta ufito mwingine unaofika kwenye kabureta. Kabureta ni chombo kinachochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini. Pistoni ikishuka huvuta hewa. Hewa hiyo hupita kwenye koo jembamba la kabureta kwa kasi, na kasi hiyo huinyonya petroli kutoka kwenye tundu dogo na kuisambaratisha kuwa matone madogo mno. Katika koo hilo kuna kisahani chembamba kinachozunguka juu ya kijiekseli chake. Kikilala na kuziba njia, hewa inayopita ni kidogo, na injini inapumua kidogo. Kikigeuka kikasimama ubavu, njia imefunguka, hewa inamiminika, na petroli inaifuata. Kidole chako kwenye kijiti kinageuza kisahani hicho, basi. Petroli yenyewe hukuigusa. Umeifungulia hewa mlango, na petroli imekuja nyuma yake. Gari lenye kabureta unaloliona leo barabarani lina kisahani kile kile, na hata yale ya kompyuta yanayotumia petroli mengi yanacho, ila huzungushwa na mota ndogo ya umeme.

Tofauti kubwa iko kwenye springi. Pedeli ya gari la leo ina springi inayoirudisha. Ukiondoa mguu, inapanda yenyewe na injini inatulia. Yaani ukisinzia, ukizimia, ukiamua kugeuka kumgombeza mtoto kiti cha nyuma, gari linapunguza bila kuambiwa. Kijiti cha Model T hakifanyi hivyo. Kinakaa ulipokiweka mpaka ukiondoe wewe mwenyewe.

Sasa mtauliza, kwa nini mtu mwenye akili atengeneze gari la namna hiyo? Jibu liko mbele ya gari, chini ya rejeta. Hapo inaning'inia hendeli.

Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yanayowashwa kwa mota ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Model T haikupata selfu ya aina hiyo mpaka mwaka 1919. Letu ni la 1916, kwa hiyo linawashwa kwa nguvu za mkono. Fikirini vizuri: anayewasha gari kwa hendeli amesimama nje, mbele ya rejeta, na mguu wake uko mbali na mahali ambapo pedeli ya mafuta ingekuwa. Injini ikiwaka inahitaji hewa na petroli kiasi fulani ili isizime, na ndani ya gari hakuna mtu wa kuikanyagia. Pedeli yenye springi ingekuwa imejirudia zamani. Kinachotakiwa ni kitu ambacho dereva anakipanga kwanza, anakiacha, anazunguka mbele, naye ana hakika kwamba kitu kile kitamngoja. Magari mengi ya enzi ile yalikuwa na kijiti cha mkono kwa sababu hiyo; mengine yaliongeza na pedeli. Ford aliona pedeli tatu zinatosha miguu miwili.

Basi tuwashe. Kwanza vuta nyuma wenzo mrefu ulio sakafuni upande wa kushoto: huo unafunga breki za magurudumu ya nyuma na papo hapo unaliweka gari huru. Kijiti cha mafuta kiteremshe meno machache, matano hivi. Kijiti cha kushoto, nitakieleza sasa hivi, kipandishe juu kabisa. Shuka upande wa kulia. Zunguka mbele. Karibu na rejeta kuna waya wenye kitanzi, ndio choki. Uvute huku ukizungusha hendeli taratibu mara mbili tatu ili injini ilambe petroli. Rudi ukafungue swichi. Nenda mbele tena. Shika hendeli kwa mkono wa kushoto, dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, wala si kuizunguka. Vuta kwa nguvu kwenda juu. Usiisukume kwenda chini hata siku moja.

Kwa nini masharti yote hayo? Kwa sababu ya kijiti cha kushoto.

Hicho ni kijiti cha cheche. Ndani ya injini mchanganyiko wa hewa na petroli huwashwa na cheche ya umeme, na kijiti hiki kinapanga cheche iruke lini: mapema au kwa kuchelewa. Wengi wenu mmewahi kumsukuma mwenzenu kwenye bembea. Ukingoja afike mwisho na kuanza kurudi kwenda mbele, msukumo wako unamwongezea kasi. Ukisukuma akiwa bado anakujia, unaumia viganja. Pistoni ni hivyo hivyo. Inapanda kuubana mchanganyiko. Ikishafika kileleni moto huisukuma ishuke, na hapo ndipo gari linapata nguvu. Injini inapozungushwa polepole kwa hendeli, cheche ikiruka mapema, moto unaikuta pistoni ingali inapanda na kuirudisha ilikotoka. Hendeli inarudi nyuma ghafla kwa nguvu za injini nzima. Watu wengi walivunjika mikono. Ndiyo maana kijiti kinapandishwa juu, cheche ichelewe. Ndiyo maana unatumia mkono wa kushoto na kuvuta kwenda juu, ili hendeli ikirudi ikuponyoke. Na ndiyo maana dole gumba halikai upande wake peke yake.

Injini ikishashika kasi mambo yanageuka. Mchanganyiko unahitaji muda wake wa kuungua, na pistoni inayokimbia haingoji, kwa hiyo cheche inatakiwa iruke mapema zaidi ili moto uwe umekolea pistoni inapofika kileleni. Hapo dereva anavuta kijiti cha kushoto chini. Magari yaliyofuata yalijifunza kufanya hivyo yenyewe, ndiyo maana baba zenu wengi hawajawahi kusikia habari za kijiti cha cheche.

Imewaka! Sasa kimbia. Injini inatetemesha gari zima, kijiti cha mafuta kiko pale pale kwenye jino la tano, na injini ikianza kupata joto inazidi kupaa. Pandia kulia, ruka mbele ya kiti cha abiria, teremsha kijiti cha cheche, na papo hapo pandisha kijiti cha mafuta meno mawili matatu. Ngurumo inashuka. Utaona watu wa zamani kwenye picha za sinema wakikimbia kuzunguka magari yao kwa vituko. Sehemu ya vituko hivyo ilikuwa kazi ya kila asubuhi.

Kuna jambo moja linanitia hofu kila nikilifikiria. Klachi ya Model T ni sahani nyingi zinazoogelea ndani ya oili. Iowa wakati wa baridi oili inakuwa nzito, na sahani zinashikana hata kama wenzo wa sakafuni umevutwa nyuma. Gari likiwaka linaanza kumsogelea yule aliye mbele yake. Kama kijiti cha mafuta kilikuwa kimeteremshwa meno machache, linajongea tu, na mtu mzima analizuia kwa mikono. Kama dereva alikuwa na haraka akakiteremsha kupita kiasi, gari linamjia kwa nguvu, na nyuma yake kuna ukuta wa ghala. Hakuna springi ya kukirudisha kijiti, na kiko ng'ambo ya rejeta na boneti. Kwa hiyo wenye busara, siku za baridi, waliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kuwasha. Gurudumu likazunguka hewani, gari likabaki mahali pake.

Haya, twende. Injini inaunguruma vizuri. Sukuma wenzo wa sakafuni mpaka usimame wima. Breki zimefunguka lakini gari bado liko huru. Vuta kijiti cha mafuta chini kidogo, kanyaga pedeli ya kushoto mpaka mwisho. Gari linaondoka kwa kelele na bila haraka. Wenzo wa sakafuni usukume mbele kabisa. Mwendo ukishapata nguvu, pandisha kijiti cha mafuta, achia pedeli ya kushoto ipande yote, kisha vuta kijiti chini tena. Gari linaguna, linashika gia kubwa, na sauti ya injini inakuwa nzito na ya kuridhisha. Ukikisahau kijiti chini wakati wa kubadili, gari litakurusha. Waliolizoea waliweza kubadili abiria asihisi kitu, kwa sababu mkono na mguu wao vilikwenda pamoja, kimoja kikipanda huku kingine kikishuka.

Barabara yenyewe ni ya udongo, ina makorongo ya magurudumu ya mikokoteni. Hapa kijiti cha mkono kinaonyesha ubora wake, na mimi nasema wazi kwamba katika barabara ya namna hii nisingetaka pedeli. Gari likirukaruka, mguu nao unarukaruka. Mguu ulio juu ya pedeli ya mafuta unakanyaga na kuachia bila wewe kutaka, na gari linakwenda kwa kudakia. Kijiti kikishakaa kwenye jino lake, injini inavuta vile vile shimoni na nje ya shimo. Miguu yako yote miwili iko huru kwa pedeli zile tatu, au kwa kujikita sakafuni usirushwe nje.

Lakini msije mkadhani kwamba kijiti hicho kinashika mwendo. Hapo watu wazima nao hujichanganya. Kinashika upana wa njia ya hewa, basi. Kwenye tambarare, njia ya hewa ikiwa hivyo hivyo, mwendo nao unakuwa karibu hivyo hivyo. Ukifika mlimani, mzigo unaongezeka, kisahani hakijui habari za mlima, injini inachoka na gari linapunguza. Lazima uvute chini mwenyewe, na injini ikianza kugonga kwa uzito upandishe kijiti cha cheche kidogo. Mteremkoni ni kinyume: usipopandisha kijiti cha mafuta, gari linatimua. Ukikipandisha chote, injini yenyewe inakuwa breki, inalizuia gari lisikimbie.

Mlimani kuna mtego mwingine. Tangi la petroli liko chini ya kiti, wala hakuna pampu. Petroli inateremka kwa uzito wake mpaka kwenye kabureta. Ukipanda mlima mkali huku mafuta ni machache, kabureta inakuwa juu kuliko petroli iliyobaki, na injini inakufa kwa kiu hata ukivuta kijiti mpaka jino la mwisho. Madereva walifanyaje? Waligeuza gari, wakakanyaga pedeli ya katikati, wakapanda mlima kinyumenyume. Kabureta ikawa chini, tangi likawa juu, na gia ya nyuma ina nguvu kuliko hata gia ndogo ya mbele. Wapita njia hawakushangaa.

Usiku ukiingia, kijiti cha mafuta kinapata kazi ambayo sijaiona kwenye gari jingine lolote. Taa za mbele za Model T ya mwaka huo zinapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye sumaku zinazozunguka na gurudumu la injini. Hakuna betri. Injini ikienda kasi taa zinang'aa, ikienda taratibu zinafifia. Ukifika mahali pabaya, penye daraja jembamba, unapandisha kijiti ili upunguze mwendo, na pale pale penye haja ya kuona, giza linakujia. Mjanja alikanyaga pedeli ya gia ndogo na kuvuta kijiti chini: gari likatambaa, injini ikapiga kelele, daraja likaonekana.

Nimewaambia kuhusu lile gurudumu la nyuma lililoinuliwa kwa jeki. Wakulima hawakuishia kwenye kuwasha gari tu. Waliona kwamba gurudumu linalozunguka hewani linaweza kuzungusha kitu kingine. Waliyafunga magurudumu mengine kwa magogo, wakavisha mkanda wa mashine kwenye gurudumu lililo juu au kwenye duara lililofungwa hapo, na mkanda ule ukaendesha msumeno wa kupasua kuni, mashine ya kusaga nafaka au pampu ya maji. Gurudumu moja likiwa limesimama chini, lile la juu huzunguka mara mbili ya kawaida yake, maana zamu za yote mawili zimehamia kwake. Na ndani ya gari hakuna mtu. Hapo ndipo kijiti kisichojirudi kilipokuwa na thamani kuliko barabarani: mkulima anakipanga, anashuka, anakwenda kushika gogo. Jaribuni kufanya hivyo na pedeli yenye springi. Mngelazimika kumkalisha mdogo wenu hapo kutwa nzima akiwa amekanyaga.

Hata hivyo ile dosari ya mlimani ilifuata mpaka kwenye msumeno. Gogo nene likifika, injini inazama. Gogo likishakatika, injini inapaa. Ili mwendo ushikwe kweli, lazima pawe na kitu kinachopima mwendo na kukigeuza kisahani chenyewe. Kwa magari ya barabarani, mmoja wa waliolishughulikia jambo hilo alikuwa Ralph Teetor, mhandisi wa jimbo la Indiana aliyezaliwa mwaka 1890 na kupofuka akiwa na miaka mitano. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na namna mwanasheria wake alivyoendesha: akizungumza, gari lilipunguza, akisikiliza, likaongeza. Mtu anayeona huenda asingelitambua hilo. Asiyeona alilihisi mwilini kila mara. Teetor alipata hataza ya kifaa chake cha kushika mwendo mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikaanza kukiuza kwenye magari yake ya mwaka 1958. Kifaa hicho kina sharti moja ambalo kijiti cha Model T hakikuwa nalo: ukigusa breki, kinajiachia.

Ford mwenyewe alibadilika. Gari lililoifuata Model T, yaani Model A, lilitoka Desemba 1927 likiwa na pedeli ya mafuta mguuni. Lakini chini ya usukani wake vijiti viwili vilibaki, na madereva waliendelea kukitumia cha mafuta wakati wa kuwasha na kupasha injini moto. Siwalaumu. Kitu ambacho mkono wako umekizoea hauachi kukitafuta.

Wala hamna haja ya kwenda Marekani kukiona. Nendeni kwenye trekta. Katika Massey Ferguson 135, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1964 na bado zinalima kwetu, mafuta yana kijiti cha mkono karibu na usukani, nacho kinakaa kinapoachwa. Wakati wa mavuno, trekta likifungwa mashine ya kupukuchua mahindi, dereva hukipanga kijiti mpaka shafti ya nyuma izunguke mara 540 kwa dakika, kisha anashuka kwenda kusaidia magunia. Ni yule yule mkulima wa Iowa na msumeno wake, isipokuwa injini ya trekta ina gavana ndani yake: magunzi yakijaa mashine inapotaka kuzama, gavana inaiongezea dizeli bila kijiti kuguswa.

Bodaboda je? Mafuta yake yako mkononi, lakini msidanganyike, ule mshikio ni ndugu wa pedeli. Una springi, ukiuachia unarudi. Mashine za boti za wavuvi wetu ziko katikati. Mshikio wake ni wa kuzungusha kama wa pikipiki, lakini nyingi zina skrubu ya kuukaza ubaki ulipo, ili mkono usichoke safari ndefu. Na kwa kuwa unabaki, watengenezaji wameongeza kamba ya kujifunga mkononi au mguuni: nahodha akianguka majini, kamba inachomoka na mashine inazima, boti isije ikamzunguka au kumwacha bahari kuu. Nimeona wengi wakiifunga kwenye ubao wa boti badala ya mwilini. Mkipanda boti ya namna hiyo, mwambieni kwa adabu, "Kaka, ile kamba ni yako, si ya boti."

Na mkija kubahatika kufika Dearborn, Michigan, kuna kijiji cha makumbusho kiitwacho Greenfield Village, alichokianzisha Henry Ford, ambako Model T bado zinapakia wageni na kuwazungusha mitaani. Ombeni kiti cha mbele, kando ya dereva. Msihangaike na miguu yake, itawachanganya. Tegeni sikio kwenye injini, na kila sauti inapobadilika tazameni vidole vyake vya mkono wa kulia.